Ukiondoa Nyama Mezani, Weka Nini?

Wengi wanaojaribu kuacha nyama hushindwa kabla ya mwezi kwisha, na si kwa sababu ya uroho. Wameondoa nyama wakaiacha sahani kama ilivyokuwa: ugali tele, sukuma wiki kidogo pembeni, basi. Saa tisa alasiri njaa imerudi, mwili umelegea, na jioni harufu ya nyama choma pale stendi inampiga mtu mtama. Nyama ilikuwa na kazi mezani. Ilileta protini, mafuta na utamu, na ikiondoka lazima kitu kingine kiishike kazi hiyo. Ninawaambia wenzangu wa Kisii na Nyamira jambo hili moja kwa sababu vitu vya kuishika kazi hiyo tunavyo mlangoni: karanga, maharagwe, chinsaga, rinagu, ndizi, parachichi, wimbi. Kinachokosekana ni mpango.

Mlo bila nyama si mgeni kwetu. Waadventista Wasabato walifika Kenya mwaka 1906, wakaanzia Gendia karibu na Kendu Bay, na miaka michache baadaye walikuwa wamefika Nyanchwa, kilima kinachotazama mji wa Kisii. Tangu hapo mafundisho ya afya yamehubiriwa Gusii sambamba na Sabato. Si kila Msabato ameacha nyama, lakini karibu kila kijiji kina nyumba moja au mbili zisizoipika kabisa, na mapishi yao ni hazina ambayo majirani hawajaiuliza. Huko California, Chuo Kikuu cha Loma Linda, ambacho ni cha kanisa hilo, kimekuwa kikiwafuatilia Waadventista zaidi ya 96,000 wa Marekani na Kanada tangu 2002. Wasiokula nyama wameonekana kuwa na kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wanaokula. Ni kweli kwamba watu hao pia wengi wao hawavuti sigara wala hawanywi pombe, kwa hiyo sifa zote haziwezi kupewa sahani peke yake. Hata hivyo, kwa mwenye mzazi anayekunywa dawa za presha kila asubuhi, habari hiyo inatosha kumfanya aanze na siku mbili au tatu za wiki bila nyama.

Anza na maharagwe, maana ndiyo nguzo. Gramu 100 za maharagwe makavu zina takriban gramu 21 za protini, na karanga huzidi kidogo. Ila maharagwe yana tatizo moja huku kwetu ambalo watu wa pwani hawalijui. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi: Mombasa ni nyuzi 100, Kisii ni kama 94. Sufuria inatokota vilevile na povu ni lile lile, lakini joto lililomo ni pungufu, kwa hiyo maharagwe hukaa motoni muda mrefu zaidi. Muda uliopimwa Mombasa au Dar es Salaam hautakutosha, na kuni au gesi utakayomaliza itakukatisha tamaa usipoyaloweka.

Loweka kilo moja Alhamisi usiku, maji yawe mara tatu ya maharagwe. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, tia mengine. Kuyamwaga kunapunguza gesi tumboni, na hilo ndilo lalamiko la kwanza la kila anayeanza. Kisha chemsha kwa moto mkali, usianze na moto wa polepole. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoleta kutapika na kuhara, na sumu hiyo huvunjwa na mchemko wa nguvu. Vitabu husema dakika 10, lakini kwa kimo chetu acha hata 20. Baada ya hapo ndipo unapoweza kuyahamishia kwenye jiko la kikapu, lile kapu lililotandikwa blanketi au vitambaa vizito, ambamo sufuria yenye mchemko hufunikwa vizuri na kuendelea kuiva bila moto. Ukiyatoa, yarudishe motoni yachemke tena. Nyanya ziingie baada ya maharagwe kulainika, kwa kuwa uchachu wake huyafanya yakaze. Magadi yanaharakisha, ndiyo, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini, na kwa maharagwe yaliyolowekwa vizuri sioni haja yake.

Sokoni utapata Rosecoco, Nyayo, Wairimu na yale ya njano. Ya njano huiva upesi na watoto huyapenda, ingawa bei yake iko juu. Ukiiona Nyota, mbegu iliyotolewa na watafiti wa kilimo wa KALRO, nunua: ina madini ya chuma kwa wingi na haikawii motoni.

Kilo hiyo moja ni milo mitatu ya familia. Ijumaa jioni, kabla ya jua kutua kwa wale wanaoshika Sabato, theluthi ya kwanza ikaangwe kwa kitunguu, karoti, nyanya na dania. Theluthi ya pili ichanganywe na mahindi yaliyochemshwa iwe githeri ya Jumamosi, na hapa usiwe mchoyo wa viungo: kitunguu saumu, hoho, majani machache ya mboga yaliyokatwakatwa. Iliyobaki iponde na viazi au ndizi. Kama huna friji, chemsha sufuria nzima upya asubuhi na jioni, na isivuke siku ya pili. Kupasha vuguvugu hakutoshi. Ichemke hadi katikati.

Sasa mboga za majani, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo tulipojaliwa na ndipo tunapopika ovyo.

Kwa muda mrefu mboga za kienyeji zilihesabiwa kuwa magugu, au chakula cha asiyekuwa na pesa za sukuma wiki na kabichi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ametumia maisha yake ya utafiti kuonyesha kwamba magugu hayo yana vitamini na madini zaidi kuliko mboga nyingi zilizoletwa. Yeye mwenyewe alikulia kwenye mboga hizo, maana utotoni mwili wake ulikataa nyama, samaki, maziwa na mayai. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuokoa vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Leo hoteli za Nairobi zinauza managu, rinagu yetu, kwa bei ya heshima, na huku kwetu bado kuna anayeona haya kumwandalia mgeni chinsaga.

Chinsaga ndiyo mgagani. Ukienda Daraja Mbili au Keroka, usinunue fungu la kwanza unaloliona. Vunja kikonyo kimoja: kikikatika kwa sauti, ni laini, kikipinda na kuacha nyuzi, mboga imekomaa na uchungu wake utakushinda. Ingiza vidole katikati ya fungu. Likiwa na joto, limefungwa tangu jana na majani ya ndani yameanza kuoza. Uliza bila kuogopa: “Omong’ina, hii imevunwa lini?” Akikujibu “Asubuhi hii, mwanangu,” na umande bado uko kwenye majani, chukua mafungu mengi kuliko unavyodhani, kwa sababu chinsaga ikiguswa na moto hunywea sana.

Nyumbani, chambua majani na ncha laini tu. Maua machache hayadhuru. Osha kabla ya kukata, si baada, ili utamu na vitamini visiende na maji. Kanuni hii ni ya mboga zote, hata sukuma wiki. Tia kwenye maji yanayochemka, yasizidi mboga, na chumvi kidogo, upike robo saa hadi dakika 20. Onja. Kama uchungu bado ni mkali, chuja maji. Mtu asiyezoea aanze kwa kuchanganya: mafungu mawili ya chinsaga na moja la emboga, ule mchicha wetu, hupoza uchungu bila kuiua ladha. Kisha mimina kikombe cha maziwa, punguza moto, acha yaingie polepole. Kesho yake ongeza maziwa kidogo na uichemshe tena. Watu wa Gusii wanajua kwamba chinsaga ya siku ya pili huishinda ya siku ya kwanza: uchungu umetulia na maziwa yamekuwa mazito. Ndiyo mboga waliyompikia mama aliyetoka kujifungua, na ninasikitika kuona wazazi wachanga siku hizi wakipelekewa soda na mkate badala yake.

Asiyetumia maziwa asihuzunike, karanga zipo. Rinagu, yaani mnavu, inazipokea karanga vizuri kuliko mboga yoyote ninayoijua. Kwa watu wanne, chukua mafungu matatu ya rinagu, uondoe vitunda vyote vya kijani kwa sababu vibichi vina sumu. Chemsha majani dakika 10, chuja. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyanya mbili, zikishavurugika ingiza mboga. Karanga glasi moja, zilizokaangwa bila mafuta na kutwangwa laini, zikoroge kwanza na maji ya uvuguvugu pembeni. Ukizitupa kavu sufuriani zitafanya mabonge. Mimina, kisha usiondoke. Karanga huzama na kushika chini haraka, kwa hiyo mwiko utembee hadi mwisho. Baada ya dakika 10 hivi harufu ya ubichi itakuwa imekwisha na matone madogo ya mafuta yataanza kupanda juu. Hapo epua. Mchuzi huu kwa ugali unashibisha hadi jioni, na ni mlo wa kumpa mwanamume anayedai kwamba bila nyama hajala.

Kuhusu karanga, kuna jambo la uzima. Ukizifanya chakula cha kila wiki, zichague moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu hubeba sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga. Mwaka 2004 mahindi yaliyokuwa nayo yaliua watu 125 huko Ukambani. Zilizoharibika zitupe kabisa, usiwape hata kuku. Na usinunue karanga zilizokwisha kusagwa usipomjua msagaji, kwa sababu kwenye unga hakuna tena cha kuchagua. Mtoto aliye chini ya miaka mitano apewe karanga zilizosagwa tu, nzima humpalia.

Nderema sina mengi ya kuisemea: dakika tano motoni inatosha, ukizidisha inakuwa utelezi mtupu. Majani ya malenge yamenywe nyuzi za vikonyo kwanza, kisha yapikwe kama rinagu.

Ndizi tunazipakia kwenye malori kwenda Nairobi na kubaki tukinunua mchele, jambo ambalo sijawahi kulielewa. Ndizi za kupika ndio mlo rahisi kuliko yote kwa anayerudi kazini saa kumi na mbili. Paka mafuta mikononi na kwenye kisu ili utomvu usigande, menya, tumbukiza kwenye maji zisiwe nyeusi. Kaanga kitunguu, kitunguu saumu na nyanya, panga ndizi, maji yazifikie nusu, funika nusu saa. Zikilainika ponda tatu au nne ndani ya mchuzi huo ili uwe mzito, kisha ongeza bakuli moja la yale maharagwe ya Ijumaa, dania juu. Sufuria moja, moto mmoja. Pembeni kata parachichi, uikamulie ndimu. Hapo mafuta yaliyokuwa yakitoka kwenye nyama yamepatikana, na ni mafuta mema zaidi kwa moyo. Parachichi hiyohiyo na kiazi kitamu kilichochemshwa ni kifungua kinywa kamili; inaniuma kuziona zikioza chini ya miti mwezi wa mavuno huku watoto wakienda shule na chai kavu.

Ugali nao unastahili kufikiriwa upya. Wazazi wetu waliita obokima ule wa wimbi, na hawakukosea. Gramu 100 za wimbi zina kalisi miligramu 340 hivi, kiasi ambacho nafaka nyingine hazikaribii, na asiyekunywa maziwa anaihitaji sana. Wimbi peke yake hunata, kwa hiyo anza na sehemu mbili za unga wa mahindi kwa moja ya wimbi, uongeze kadiri familia inavyozoea. Nafaka na jamii ya kunde vikilwa pamoja protini zake hukamilishana, na hii ndiyo sababu ugali kwa maharagwe, au githeri, unaweza kusimama mahali pa nyama ilhali ugali kwa kabichi hauwezi. Uji wa wimbi uache uchachuke usiku mmoja au miwili kabla ya kuupika. Kuchachuka hulegeza vitu vinavyoshikilia madini, na mwili hupata chuma zaidi. Koroga kijiko cha karanga zilizosagwa ndani yake.

Nikitaja chuma, lazima nitaje chai, na najua hapa nagusa mahali penye maumivu. Tunalima chai, tunaishi kwa chai, na tunakula chakula huku tukikishushia kwa chai. Kwa mla nyama madhara ni madogo zaidi. Kwa anayetegemea mboga na maharagwe, kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kuzuia zaidi ya nusu ya chuma kisiingie mwilini. Wasichana waliovunja ungo na kina mama wajawazito ndio huumia kwanza, kwa kuishiwa damu. Sikuambii uache chai. Ihamishe: inywe saa moja kabla au baada ya kula. Wakati wa mlo weka mezani kitu chenye vitamini C, ambayo hufanya kinyume na chai: chungwa, pera, ndimu iliyokamuliwa kwenye mboga, au kachumbari ya nyanya.

Kuna kitu kimoja ambacho shamba halitakupa hata ulime vipi, nacho ni vitamini B12. Inapatikana kwenye vyakula vinavyotokana na wanyama tu. Anayekunywa maziwa au mala kila siku na kula mayai mara kadhaa kwa wiki kwa kawaida anaipata. Aliyeacha vyote hivyo anahitaji vidonge au chakula kilichoongezewa, na mjamzito au anayenyonyesha asisubiri dalili. Aende kliniki aulize. Vilevile mwenye ugonjwa wa figo asibadili chakula kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu maharagwe, ndizi na parachichi vina madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa.

Bado kuna suala la wageni. Gusii mgeni huchinjiwa kuku, na mwenye nyumba anayeleta mboga peke yake huhofia kusemwa. Ushauri wangu ni kupika mlo wenye uzito wa kuonekana, usiombe radhi kwa chochote: ndizi kwa karanga, chinsaga ya siku ya pili ndani ya bakuli lake, mayai ya kienyeji kwa nyanya kama nyumba yako inakula mayai, chapati na ndengu, parachichi, matunda. Ndengu haihitaji kulowekwa sana na huiva kwa chini ya saa moja, kwa hiyo huokoa pale mgeni anapokuja bila taarifa. Mpakulie mkwe au mzee yeyote kwanza, kwa wingi, kama ambavyo ungempakulia kuku. Wageni husema wakipewa kidogo. Wakipewa tele hawaulizi kulikoni.

Na kwa kuwa mashamba yetu yamegawanywa hadi yamebaki vipande, usidhani lazima uwe na ekari. Gunia moja lenye udongo na samadi, katikati ukisimamisha mhimili wa mawe wa kupitishia maji, linabeba sukuma wiki na mchicha ubavuni mwake. Chinsaga iipe kitalu kidogo karibu na jikoni: mwaga mbegu moja kwa moja ardhini, kwa sababu haipendi kuhamishwa, na baada ya wiki tano hivi utaanza kuchuma. Kila inapotoa maua yakate, itaendelea kuchipua. Acha miche mitatu minne iliyo bora ikomae kwa ajili ya mbegu, uvune vifuko kabla havijapasuka, uanike kivulini, uhifadhi kwenye chupa kavu. Usizipande mara moja, maana mbegu mpya za chinsaga hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Panda za msimu uliopita, za sasa zisubiri msimu ujao.